Nyumba ya Turubai Mteremkoni Kadutu

Asubuhi moja ya mvua, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo, ingawa mengi ya Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, nimeyasahau. Tulikuwa bado tunaitwa Wazaire. Nyumba yetu ya matofali ilikaa mteremkoni, na kila masika ukuta ulifungua ufa mpya. Tuliuzoea, kama mtu anavyozoea kikohozi chake.

Baba yangu alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori, yale tunayoyaita bashi. Yeye hakuuzoea ule ufa. Alikusanya maturubai yaliyotupwa, akakata sehemu zilizooza, akaunga zilizobaki kwa uzi mzito, akainua paa juu ya nguzo za mikaratusi pale kiwanja kilipokuwa tambarare. Akalivuta kwa kamba mpaka likakaza, na maji ya mvua yakateremka upande mmoja hadi kwenye pipa. Halafu akapiga mguu kwenye udongo.

"Bulongo hii imechoka kubeba," alituambia. "Nguo haina buzito. Bulongo ikisogea, tunakaza kamba, basi."

Alitaka tuhamie huko wote mpaka kiangazi, kisha tubomoe matofali. Mama akakataa katakata. Wewe mzaliwa wa Bukavu unajua kwa nini. Kwetu bashi likisimama uani, jirani haulizi kuna nini, anauliza nani amekufa. Na dada yangu Faida alikuwa ameposwa, wakwe walikuwa wanajiandaa kuleta ng'ombe kutoka Walungu.

"Papa Faida, wakwe watakuta mutoto chini ya bashi?" mama alisema. "Watasema hapa iko matanga. Watarudi na ngombe yao."

Baba akachukua sindano yake akarudi kushona. Miaka mingi nilimlaumu kwa kutobishana zaidi, sasa simlaumu. Alikuwa na maneno ya uzito, ya maji na ya kamba, lakini mama hakuwa anaogopa maji.

Basi baba akawa anashonea chini ya turubai lake, na sisi tukaendelea kulala ndani ya matofali. Asubuhi hiyo mama alikuwa sokoni, na Faida alikuwa ndani akiziba nyufa kwa udongo na chokaa, ili ukuta uwapendeze wakwe. Mimi nilitumwa pipani kuchota maji ya kukorogea. Nikiwa nimeinama nilisikia ardhi inaguna, nikageuka. Nyumba haikuanguka kama unavyofikiri. Iliondoka. Iliteremka pamoja na jiko na migomba, na dada yangu ndani yake.

Mtaa mzima ulichimba kwa majembe na kwa mikono. Tulimpata mchana, amekwisha kufa, vidole vyake bado vyeupe kwa chokaa.

Wakwe walifika kutoka Walungu wakaketi matangani chini ya turubai la baba. Lilikuwa bado limesimama. Kamba chache tu zilikuwa zimelegea, na baba alizikaza huku analia. Mama alirudia maneno yale yale: aibu, aibu, nyumba haikuwa tayari. Ndipo baba wa mchumba, mzee mpole, akamshika mkono.

"Mama, sisi tulikuya kutafuta bibi ya mutoto yetu," alimwambia. "Nani alikuambia tunatafuta matofali?"

Mama akauinamia mkono ule akalia. Hata uzeeni, alipoyakatisha mazungumzo ghafla, nilijua amerudi kwenye swali lile. Iliniuma kumwona hivyo, inaniuma mpaka sasa.

Mwanangu, unayejifunza kujenga, usiutwishe mteremko mzigo ili jirani akusifu. Nguo iliyokatwa vizuri na kukazwa vizuri ni nyumba. Haihitaji kuni za kuchomea matofali, na ardhi ikikataa, unaikunja unahama nayo. Lakini usianze na maelezo hayo, hakuna atakayekusikiliza. Kwanza waite watu waje kula chini yake, wacheze, waozeshe binti zao hapo, mpaka wasahau kwamba bashi ni la kilio. Baba hakulifikiria hilo. Laiti wakwe wangepokewa pale kwa pombe na ngoma, mama angelala pale bila woga, na Faida angekuwa bibi kizee mwenzangu.

Nenda, Mungu akutangulie kazini. Utakachokiinua kisimame, na wote watakaolala chini yake waamke.