Nyumba Isiyo na Mgeni

Mpaka alipofika miaka thelathini na moja, Orpa hakuwa amewahi kumwomba mtu kitu. Alizaliwa vilima vya Lubero, mashariki mwa Kongo, kwenye mashamba yaliyogawanywa na kugawanywa tena hata watu wakatania kwamba ukilala kwako, miguu inaamkia kwa jirani. Alipoolewa na Muyisa wakafanya kama vijana wengi wa wakati ule: wakashuka kufuata msitu, wakapita Beni, wakapita Mangina, wakapata kipande cha ardhi kando ya njia ya Mambasa. Wakapanda mpunga, muhogo na kahawa kidogo. Miaka tisa wakala jasho lao. Kule Orpa alijulikana kwa sombe yake, majani ya muhogo aliyoyatwanga laini hata meno yakakosa kazi, na kwa uchache wa maneno. Haukuwa ukimya wa hasira. Alilelewa katika nyumba ambamo mkubwa akisema, mdogo hamkatizi, hata kama mkubwa amekosea njia ya kwenda kwake mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vita ikafika njia ya Mambasa. Wenye bunduki walikuwa makundi mengi, kila kundi na herufi zake, na wanakijiji hawakuwa na muda wa kuzisoma. Watu wakakimbia asubuhi, chungu kikiwa motoni. Muyisa akarudi kumchukua mama yake mzazi aliyekuwa ng'ambo ya mto. Hakuonekana tena, wala yeye wala mama yake. Orpa akaendelea na mtoto wao wa pekee, Séphora, wa miaka saba. Siku ya pili, wakikatiza vichaka kuikwepa barabara, Séphora akakanyaga kisiki cha mwanzi kilichokatwa kwa mshazari. Kikaingia juu ya kifundo cha mguu kikafika mfupa.

Beni ilikuwa imejaa. Madarasa, makanisa, hata baraza za maduka, kote watu. Wakasonga kusini. Huko Kalunguta wakulima wakawapa ndizi na majani ya kufunga kidonda, wakawaambia poleni, na kweli walikuwa na huruma, ila huruma haiui vidudu. Walipoingia Butembo, Orpa alikuwa amembeba mtoto mgongoni siku nne, na mguu ule ulikuwa umeanza kunuka.

Akaketi kando ya barabara ya Mususa kupumua. Mama mmoja mnene, jembe begani, akasimama mbele yake.

"Munatoka wapi?"

"Njia ya Mambasa, mama."

"Na mutoto ana nini?"

"Muguu."

"Simama basi. Twende nyumbani."

Huyo alikuwa Vagheni. Kwa Kinande jina hilo maana yake ni wageni. Alizaliwa siku ambayo nyumba ya baba yake ilijaa wageni hata mama yake akajifungulia jikoni. Mjane, watoto watatu nyumbani na wajukuu wawili, bustani ya maharage bondeni, mdomo usiolala. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vagheni alimpa Orpa jembe asubuhi ya kwanza, tena si kwa ukali. Alilichagua lenye mpini mzuri, akalipangusa udongo kwa kanga, akamkabidhi mbele ya watoto wote, akasema:

"Toka leo, mutu akiita huyu mugeni, atalala njaa."

Orpa akalia siku hiyo kule bondeni, akiwa ameinama ili asionekane. Tangu Mambasa hakuna aliyempa kitu chenye mpini. Kula chakula cha mtu bila jembe lake ni kuomba. Ukishapewa jembe unakula chako. Na tangu hapo, kujiita mgeni mbele ya Vagheni kungekuwa tusi kubwa kuliko kuiba.

Lakini mguu haukujua adabu hizo. Kwenye dispensari ya mtaa, muuguzi Salomon aliubonyeza, akanusa kitambaa, akamwita Orpa pembeni.

"Ile iko inaoza ndani ya mufupa, mama. Dawa yangu haifike kule. Lakini kuna docta wa kupasua wa shirika moja anakuja juma lijalo, atakaa majuma mawili. Yeye anaweza kukwangua mufupa, muguu ikapona."

"Aksanti, docta. Nimulete siku gani?"

"Siku utapata jetoni. Ile shirika inapokea tu badéplacés, benye kukimbia vita, tena benye jetoni. Bengine hospitali inaomba pesa, na ile pesa..." Akamtazama Orpa, kitenge kimoja, miguu isiyo na viatu, akaiacha sentensi ilipokuwa. "Utafute jetoni, mama. Hapana kawia."

Sasa hiyo jetoni, kikaratasi kigumu chenye namba na muhuri, ilikuwa imezua maneno mji mzima. Waasi waliotawala Beni na Butembo miaka ile walikuwa na mawaziri wao, mihuri yao, na redio iliyowasikiliza. Kila Jumapili baada ya misa, wanaume watatu waliketi mbele ya kipaza sauti wakajadiliana: déplacé wa kweli ni nani? Mmoja akasema mji umejaa wakimbizi wa uongo, watu wa Butembo wanaovaa matambara ili wale bure. Mwingine, mwenye sauti ya kushiba, akasema anayelala chini ya bati kwa ndugu yake amekwisha kusaidiwa, basi si déplacé, ni mgeni wa familia. Wasikilizaji wakaandika barua za kushangilia. Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyekuwa amelala kwa mtu tangu vita ianze.

Wakubwa wakasikia, na kwa kuwa wakubwa wanapenda kuonekana wamesikia, wakatoa amri. Wanaokaa ndani ya familia wataandikiwa jetoni kwa kinywa cha mwenye nyumba peke yake, na mwenye nyumba atatia kidole gumba. Kidole kikishatiwa, hakuna kubadilisha. Hiyo, walisema, itakomesha uongo.

Habari hii Orpa aliisikia kisimani. Vagheni hakuisikia kabisa. Kwake redio ilikuwa kazi ya wanaume wasio na shamba.

Siku mbili Orpa alitafuta namna ya kumwambia. Aseme nini? Mama, wakija, uniite mgeni? Mama, usiseme mimi ni mwanao? Kila alipofungua mdomo, Vagheni alimwekea Séphora kipande kikubwa cha bughali, yaani ugali, au alimwita "mutoto yangu", na maneno yakarudi tumboni. Akapanga kusema siku ya tatu baada ya chakula cha mchana. Mwandishi wa commune, serikali ya mtaa, alikuja siku hiyo hiyo asubuhi.

Alikuwa kijana nadhifu mwenye rejista kubwa. Majirani walikuwa uani, wamekuja kuchambua maharage. Orpa alikuwa jikoni na kisu na fungu la sombe, mlango wazi, hatua kumi hivi kutoka hapo.

"Mama mwenye nyumba, tunaandika. Uko na bageni ngapi humu?"

Uso wa Vagheni ukajifunga. Miaka miwili nyuma askari walivunja nyumba ya tatu kutoka hapo wakitafuta "bageni", na kijana waliyemtoa humo alirudi kwa jeneza. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ni kwamba alikuwa ameulizwa mbele ya majirani kama ana watu nusu nusu nyumbani mwake.

"Bageni? Humu hakuna mugeni."

"Hakuna hata mumoja? Na ule mama wa jikoni?"

"Ule ni mutoto yangu. Na ule mudogo mwenye kulala kule ni mujukuu yangu. Andika hivyo. Hapa kwa Vagheni hatujui kugawa batu."

Majirani wakaguna kwa kuridhika. Ni jibu zuri. Pote katika vilima vile, mama yeyote mwenye heshima angelijibu hivyo hivyo.

Kisu kilisimama mkononi mwa Orpa. Alitakiwa kutoka, hatua kumi tu, na kusema: hapana, miye ni mugeni. Alijua hivyo. Alimwona Séphora amelala kwenye mkeka, mguu juu ya gunia, nzi wakizunguka. Akaona pia mgongo mpana wa Vagheni, na majirani, na jembe lililoegemezwa ukutani. Akasema moyoni, acha amalize, mkubwa hakatizwi, nitamfuata kijana njiani. Kijana akafungua kidau cha wino. Vagheni akatia kidole.

Watu husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama yule alijikwaa vyote viwili kwa pamoja, naye alikuwa akitenda wema.

Orpa alimkuta kijana nyumba ya nne. Akamweleza kwa haraka, akikosa pumzi.

"Lakini mama, ulikuwa pale," akasema yule kijana, akishangaa kweli. "Mbona haukusema?"

Akamwonyesha kidole cha Vagheni kilichokwisha kukauka katika rejista, akabisha hodi nyumba ya tano.

Siku mbili baadaye, alfajiri, ikabidi amweleze Vagheni. Mama yule alisikiliza amesimama, kisha akaketi chini vumbini, kanga mdomoni. "Miye ndiye nimekata dawa ya mutoto? Kwa kinywa hii?" Hakusubiri jibu. Akajifunga kiuno, akamshika Orpa mkono, wakaenda bureau, ofisi ya commune.

Wakasubiri tangu asubuhi hadi adhuhuri. Karani alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaifungua rejista, akaigeuza ili waone, ingawa hakuna kati yao aliyeweza kusoma Kifaransa. Familia: watu wanane. Déplacés: sufuri. Chini yake, kidole cha Vagheni, cheusi, kimetulia.

"Mama mukubwa, juzi ulisema ni batoto yako. Leo ni bageni. Kesho watakuwa nini?"

"Chefu, nilisema vile kwa heshima! Utaita mutu mugeni mbele yake, na amekulimia shamba?"

"Ninakusikia. Hata mama yangu angesema vile." Karani akavua miwani. "Lakini ku hii karatasi hakuna fasi ya heshima. Kuna ndiyo na hapana. Nikibadilisha, watasema nimekula kitu, batanifukuza. Munasikia redio, hapana?"

Orpa akasema: "Chefu, mutoto iko anaoza."

Karani akainamisha kichwa. Alikuwa na huruma, na wino, na kalamu mkononi. Akaifunga rejista polepole, akasema wapite salama.

Jumapili iliyofuata, jirani akaleta redio yake uani akidhani anawatendea jema. Wale watatu walikuwa na mfano mpya. Walisema wamepata habari za mama mmoja wa Mususa aliyetia kidole kwamba hana mgeni, halafu, aliposikia kuna jetoni, akakimbia bureau na binti yake kudai kwamba ni déplacée. Mmoja akacheka hata akakohoa. Mwenye sauti ya kushiba akasema, mnaona sasa, amri ile ilikuwa na busara. Vagheni akainuka akazima redio isiyo yake. Aliingia ndani akajifunika. Hakuinuka mpaka Jumanne, na siku hizo mbili Orpa alipika, akafua, akampelekea maji ya kuoga, kama mtu anayehudumia mgonjwa.

Alijaribu yote. Alibeba mtoto mpaka lango la hospitali, akaketi hapo siku tatu. Mlinzi alikuwa anamfahamu sasa, alimpa hata kiti, lakini jetoni hakuwa nayo ya kumpa. Siku moja daktari mwenyewe alipita, mtu mrefu mwenye haraka, akamwamkia Séphora kwa jina la "mama mudogo" na kumpungia mkono. Orpa akasimama. Akaanza na salamu za heshima, na kabla hajafika kwenye neno la mguu, daktari akawa ameshaingia. Majuma mawili yakaisha. Daktari akapanda ndege ndogo akaenda kwa wengine wenye taabu.

Salomon aliufungua mguu Jumatatu asubuhi, akaufunga tena upesi. Weusi ulikuwa umefika karibu na goti, na mtoto alikuwa akiungua kwa homa. Akaandika barua ya hospitali kwa mkono wake, akawatafutia baiskeli.

"Batapokea leo," akasema, bila kumtazama Orpa. "Kukata ni urgence, kitu ya haraka. Urgence haiombe jetoni."

Wakaukata mchana ule, juu ya goti. Vagheni alikuwa amepiga magoti ukumbini akisali rozari, na kila alipomaliza fungu alimwambia Orpa unisamehe, na kila mara Orpa akajibu hakuna neno, mama. Kulikuwa na neno. Lilikuwa limemjaa kifua kizima, lakini la kumwambia nani? Mama aliyempa jembe? Karani mpole? Kijana nadhifu aliyeandika alichoambiwa? Angalau kama angepata mtu mmoja mbaya, angemchukia akapumzika.

Mwezi wa sita mwandishi akaja tena, na rejista nyingine. Safari hii walikuwa wanaandika walemavu, wawe wageni au wenyeji, maana redioni watu walikuwa wamejadili walemavu. Hakuuliza mwenye nyumba lolote. Alimtazama Séphora aliyekaa kwenye kizingiti akicheza na mbegu za maharage, akahesabu kilichopungua, akaandika jina bila kosa lolote, akapiga muhuri, akanyoosha mkono.

"Jetoni ya mutoto, mama. Sasa ana haki ya kutibiwa bure."

Orpa akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema aksanti.