Kipande cha Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli ya wino, mhuri na onyo. Ilikuwa miaka ya thelathini, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Nilitoka Shinyanga mjini kwa baba yangu muuza nguo, kijana wa kanzu safi, najua kusoma, najiona mtu. Karani Mkuu, mzee wa Tabora mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniambia, "Mwanangu, kazi yako ni siku. Watu waachie manyapara. Ukianza kuwaandika watu utaumwa kichwa." Nikacheka, nikidhani ni utani wa wazee.

Ninyi mnaogonga kadi kwenye mashine na kulipwa mwisho wa mwezi hamkijui kipande, basi nieleze. Kilikuwa kadi ngumu yenye vyumba thelathini, na jina la mtu juu yake. Wachimbaji wakitoka shimoni jioni, nyapara, yaani msimamizi wa kikundi, alisema nani amemaliza kazi aliyopimiwa. Aliyemaliza nilimpigia mhuri chumba kimoja, kisha nikanakili katika daftari kubwa la mahudhurio, ambalo ndilo lililokwenda kwa mhasibu kutengeneza mishahara. Asiyemaliza, hata kama amekaa chini tangu alfajiri, siku yake haikuwapo. Mtu akiugua, haikuwapo. Winchi ikiharibika, watu wakakaa huko chini wanangoja kupandishwa, haikuwapo vilevile. Na hakulipwa mtu mpaka vyumba vyote vijae. Wapo waliohangaika miezi miwili kuujaza mwezi mmoja. Nikilikumbuka hilo damu inanichemka hadi leo, na daktari amenikataza.

Wengi wa wachimbaji wale walikuwa wakulima wa Kisukuma. Kwao, watu wakiitwa kulima shamba la mwenzao, kila nyumba hutoa mtu mmoja. Leo aje kaka, kesho mdogo wake, hakuna anayeuliza; nyumba imekuja. Wakaja mgodini na desturi hiyo hiyo. Masanja, mtu wa pande za Mhunze, aliandikwa kwangu. Mvua zilipoanza alirudi kulima, na mdogo wake Luhende akavaa kipande kile kile shingoni, akashuka shimoni. Nilijua. Nyapara alijua. Msimamizi wa zamu, Mzungu kijana, naye alijua, maana Masanja alikuwa mrefu na Luhende alinifika begani. Maadamu mawe yalikuwa yanapanda juu, nani aseme?

Luhende alikuwa mcheshi. Kila jioni alininyooshea kipande huku akinipa salamu ya asubuhi ya kwao, "Mwangaluka, Karani! Huko chini ndiyo kwanza kumekucha." Nami nilicheka kila jioni.

Kisha baruti moja ikachelewa kulipuka, mwamba ukaanguka, wakamtoa Luhende amefunikwa turubai. Nyapara alileta kipande ofisini, akakiweka mezani kwangu, akatoka. Jina lililokuwa juu yake ni Masanja, basi ofisi ikatangaza kwamba Masanja amekufa, nami nikaandika hivyo daftarini. Tukamzika Luhende kwa jina hilo.

Masanja mwenyewe alifika baada ya siku kadhaa, kwa miguu, pamoja na mke wa Luhende, ambaye alikuwa na mimba. Meneja akatuita sote ndani.

"Kitabu nasema Masanja kufa," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe nani?"

Karani Mkuu akajaribu kueleza. Meneja akamkatiza, akaongea naye Kiingereza polepole, kisha mzee wa watu akamgeukia Masanja na kutafsiri, macho yake chini. "Anasema hivi. Kama wewe ni Masanja, basi ulimpa mwenzako kipande, na hilo ni jela. Na aliyekufa hakuwa mtu wa mgodi, hana fidia. Kama wewe ni Luhende, ndugu wa marehemu, weka kidole upokee fidia ya kaka yako."

Meneja yule hakuwa mjinga. Alijua fika amesimama na nani. Lakini mtu asiyeandikwa kufia shimoni kwake kungemletea mkaguzi wa migodi, naye alimwogopa mkaguzi kuliko Mungu.

Nikamwambia Masanja kwa Kisukuma asiweke kidole, twende bomani tukaseme kweli. Akamtazama shemeji yake. Yule mama alikuwa amekaa sakafuni, mikono juu ya tumbo, Kiswahili hakijui, anangoja mtu amweleze.

"Na nikifungwa, Karani," Masanja akanijibu, "huyu nani atamlimia?"

Kisha akamgeukia Meneja. "Mimi ni Luhende."

Niliyeshika kidau cha wino ni mimi. Fidia yenyewe haikutosha kununua hata ng'ombe wa maziwa. Na vile vyumba walivyojaza ndugu wawili? Havikufika thelathini, kwa hiyo havikulipwa. Mhasibu alivipigia mstari mbele yangu. Nilitaka kumtupia mhuri usoni, lakini nilikuwa nimeoa juzi tu, nikaufunga kwenye sanduku lake.

Jina lile lilifika mpaka kwa karani wa kodi wa mtemi. Tangu hapo Masanja alilipa kodi kama Luhende, na hakuthubutu tena kuandikwa popote kwa jina alilopewa na baba yake. Mama yao tu ndiye aliyeendelea kumwita Masanja, ndani ya nyumba, mpaka alipokufa.

Mimi nilihamia jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kisha migodi mingine, nikawa Karani Mkuu. Nilipostaafu walinipa saa ya mezani. Mtu kahesabu siku za wenzake maisha yake yote, unampa saa! Iko kabatini, sijawahi kuitia ufunguo.

Mwaka juzi nilikuwa mnadani Mhunze, nikaona mzee mrefu ameshika kamba ya ndama. Nilimtambua kwa kimo. Nikaita, "Masanja!" Hakugeuka. Nikaita tena, wakageuka watu wengine. Nikasogea, nikamgusa bega.

"Shikamoo, Masanja."

Aligeuka, akanitambua.

"Marahaba, Karani," akasema. "Masanja tulimzika kule Geita. Si ulimwandika mwenyewe?"