Gemu la malori lilipewa nne kwa kumi. Mimi Lushoto nilipewa ngapi?

Habari za mihangaiko wakuu. Kisa hiki nakiweka jukwaa la magemu, ingawa najua mods wanaweza kukihamishia kule kwa mambo ya mahusiano. Wakihamisha, sawa tu, nitakifuata. Kuhama nimezoea. Chumvi sijatia.

Nilifika Lushoto nikitokea Tunduma. Anayeijua ramani ya nchi hii ameshanionea huruma.

Mbeya, Iringa, Morogoro, Chalinze, Korogwe, yote hiyo TV nimeipakata mapajani, nimeifunga blanketi kama mgonjwa wa rufaa. Mama mmoja wa siti ya jirani aliniuliza mara mbili kama mgonjwa anaendelea vizuri. PlayStation ilikuwa kwenye begi la nguo, imezungushiwa suruali zote mbili.

Nikashuka Mombo, jua linawaka. Kutoka pale ni kupanda tu. Kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine unaona migomba kwa juu, kama ndege anavyoiona. Nilipofika mjini natetemeka. Nikafungua begi nikaivua PlayStation suruali moja, nikaivaa juu ya niliyokuwa nayo.

Aliyenileta ni Shemweta, dereva wa Fuso za mboga. Tulijuana Tunduma nikiwa na banda la gemu karibu na maegesho ya malori. Aliniambia, "Njoo kwetu. Kuna baridi, kuna vijana, kuna hela za kabichi, na banda la gemu hakuna."

Mimi nina miaka arobaini na kitu. Tabora, Kahama, Mtwara, Makambako, Tunduma, kote nimekaa na kote nimeondoka. Kwa hiyo nilipopanda ule mlima niliapa kimoyomoyo kwamba hapa ndipo mwisho. Hapa nakaa, nazikwa hapa.

Sasa niwaeleze ugonjwa wangu.

Mimi ni mtu wa reviews. Form four yangu ni ya kuunga unga na Kiingereza changu kina viraka, lakini gemu likitoka tu, kabla sijaliona nimeshasoma wachambuzi wa Ulaya na Marekani wamelipa alama ngapi. Na lugha yao ya alama naijua. Tisa na nusu maana yake uza kitanda ununue. Nane, unaweza kusubiri lishuke bei. Saba ni salamu za rambirambi. Shuleni kwetu ukipata saba kwa kumi mama anachinja jogoo, lakini kwa wale jamaa saba ni msiba.

Zamani haikuwa hivi. Tabora tukiwa wadogo tulicheza magemu ya kaseti kwenye TV ya jirani, na kaseti ilikuwa na alama mbili tu: inawaka, haiwaki. Ikigoma unaipuliza. Ikikubali, hilo ndilo gemu bora la mwaka. Nayakumbuka yale maisha mpaka leo.

Turudi Lushoto.

Nikapanga fremu ya Mama Zaina, mjane wa makamo anayeuza karoti na plamu fremu ya pembeni. Nje nikatundika ubao. Kila gemu nililoandika pale lilikuwa na alama za wachambuzi, kwa chaki, ili mteja asipoteze muda na takataka.

Juu kabisa kulikuwa na gemu la tisa na nusu. Jamaa mmoja mwenye ndevu anatembea peke yake kwenye nchi kubwa isiyo na watu, anamwomboleza baba yake. Wachambuzi walilia. Mmoja aliandika kwamba limembadilisha kama binadamu.

Shemweta akakaa, akashika pad ya kuchezea, akatembea.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Anatafakari."

"Tangu asubuhi anazunguka porini, kwao hawamtafuti?"

"Baba yake amekufa."

"Sasa ndiyo arudi nyumbani, msiba uko kule! Hana shamba huyu?"

Akaweka pad chini. Kesho yake Mama Zaina akachungulia mlangoni, khanga kichwani, karoti mkononi.

"Mgeni, gemu lako la tisa na nusu mbona lina watu wawili tu, na wewe mmojawapo?"

Huyo wa pili alikuwa amejikinga mvua.

Mkiani mwa ubao kulikuwa na gemu la malori ya milimani. Sikulinunua. Muuzaji wa Dar alinipa nyongeza, kama muuza nyanya anavyokuongezea moja iliyobonyea. Wachambuzi walilipa alama nne. Walisema linachosha, na kosa lake kubwa ni hili: wachezaji wawili, mmoja anapanda na mzigo, mwingine anashuka na mzigo, barabara ni nyembamba, mnakutana katikati na nafasi ya kupishana ni finyu. "Kushindwa kwa ubunifu," aliandika mmoja. Mimi ile CD nilikuwa nawekea kikombe cha chai.

Siku moja ya mvua Shemweta akaniambia, "Hebu tuone hiyo yenye lori."

Wakuu, sijawahi kuona kitu kama kile.

Alishika lori la kushuka, dereva mwenzake akashika la kupanda. Kwenye kila kona wanapiga honi. Kona hazina kitu, wao wanapiga honi. Walipokaribia kukutana, Shemweta akavuta lori pembeni mpaka tairi likagusa majani, akasimama, akasubiri. Mwenzake akapita polepole, injini inalia, akapiga honi mbili za shukrani. Shemweta akajibu moja. Ndipo akaendelea.

Muda ukaisha. Maandishi mekundu yakajaa skrini: FAILED. Wale watu wazima wakagongeana mikono.

"Shemweta, umeshindwa," nikamwambia.

"Nimeshindwa nini? Kabichi si zimefika?"

Nikamwelekeza kwamba akimpita mwenzake bila kusimama atapata nyota. Akaniangalia kama nimemwambia aingie msikitini na viatu.

"Mgeni, anayeshuka anasaidiwa na mlima. Anayepanda na mzigo akisimama, kuondoka tena ni kuunguza klachi, au anarudi kinyumenyume mpaka bondeni. Kwa hiyo anayeshuka anasubiri. Huku hatungoji trafiki atuambie."

Kuanzia hapo banda likajaa. Madereva wa Bumbuli, wa Mlalo, boda boda, wakulima siku ya gulio. Wote wanafeli, wote wanaondoka wanacheka. Kuna mtu alifuta nne yangu ubaoni akaandika kumi. Nikairudisha nne. Akaandika tena kumi. Nikaona huyu hajasoma reviews.

Ndani ya hizo siku, mimi na Mama Zaina tukawa tunakunywa chai pamoja. Kwanza kila mtu kwenye mlango wake, baadaye mlango mmoja. Alikuwa ananitania, mimi namsimulia Mtwara na Makambako. Siku moja akaniuliza, "Na hapa utasimulia wapi?" Nikasema hapa sitasimulia, hapa nakaa. Chai ya siku ile aliiongeza tangawizi.

Nikamtuma Shemweta kuwa mshenga. Aende kwa Mzee Hoza, mjomba wake Mama Zaina, ndiye mwenye kauli. Jibu likaja: "Tumesikia. Tutakuja kumtembelea mgeni kazini kwake."

Jumapili ya gulio akaja. Koti refu, kofia, fimbo. Mzee huyu enzi zake aliendesha malori ya magogo kutoka msitu wa Magamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuona unachofanya."

Nikamwekea chai. Banda limejaa, Mama Zaina kasimama mlangoni anajifanya anapunga nzi kwenye plamu. Mzee akasema anataka lile la lori, na acheze na mimi mwenyewe. Yeye akachagua kupanda, na magogo. Mimi nikabaki na kushuka.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi. Nilikuwa nimesoma mtandaoni mbinu ya hilo gemu: unashuka bila breki, unaubana ukuta wa ndani, ukikutana na mwenzako unampunguzia barabara. Ndiyo njia pekee ya kupata nyota ya dhahabu. Nikawaza, mzee kaja kukagua kazi. Nimwonyeshe kwamba mpwa wake anaolewa na fundi.

Mzee anapanda taratibu, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Mimi nateremka kama jiwe.

Kwenye kona nyembamba kuliko zote, akapiga honi.

Nikapita.

Lori lake likasimama, likarudi nyuma kidogo kidogo, likalala. Magogo yakabingirika mpaka bondeni moja moja, na wachambuzi walisema kweli, sauti za lile gemu ni mbaya, zilichukua muda mrefu sana kuisha. Upande wangu nyota ya dhahabu. PERFECT. Mtu wa kwanza kumaliza lile gemu katika milima yote ya Usambara.

Nikanyanyua mikono juu. Hakuna aliyepiga makofi.

Mzee Hoza akairudisha pad kwa mikono miwili, kama anayerudisha kikombe cha watu.

"Hongea, mwanangu," akasema, ndiyo asante ya kwao. "Una mikono myepesi."

Akamaliza chai yote. Akaniuliza kwetu. Nikaanza Tabora, nikaenda Kahama, nikamfikisha mpaka Tunduma.

"Umekaa sehemu nyingi."

"Ndiyo mzee."

"Na kote huko ulikuwa unashuka hivi hivi?"

Banda zima likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Nilidhani tumeshakuwa ndugu, ananitania.

Baada ya siku chache Shemweta akaja, hakukaa.

"Mzee kasema wewe ni mtu mzuri sana."

Nikamkumbatia. Akajitoa.

"Hujanielewa. Kasema wewe mzuri sana, banda lako zuri sana, na chai yako nzuri sana. Muda wote umekaa na sisi, hujajua tu? Huku mgeni haambiwi hapana. Ukisifiwa mara tatu, funga mizigo."

"Kwa ajili ya gemu? Shemweta, lile ni gemu tu!"

"Ndiyo, na yeye alikuja kuangalia gemu. Kasema mpwa wake anapanda na mzigo peke yake tangu mumewe afe. Kasema anamtafutia mtu wa kumpisha."

Nimesoma reviews za miaka na miaka, sijawahi kuona moja fupi na kali kama ile, na haina hata alama mwishoni.

Nikaenda kwa mwenyewe. Alikuwa anafunga karoti mafungu mafungu.

"Mama Zaina, wewe unasemaje? Siyo mjomba. Wewe."

Akafunga fungu moja, akaanza la pili.

"Ulisikia honi?"

Ningeweza kudanganya, wakuu. TV ilikuwa na sauti, watu walikuwa wengi.

"Nilisikia."

Akaitikia kwa kichwa tu. Fungu la tatu likaisha.

"Ungesema hukusikia," akasema, "ningemwambia mjomba masikio yako mabovu. Masikio yana dawa hospitali ya Bumbuli."

Akanichagulia plamu nne zilizoiva, akaniwekea kwenye mfuko. Mgeni haondoki mikono mitupu.

Sikugombana na mtu. TV na PlayStation nikamwachia Shemweta aliendeleze banda. Asubuhi ya kuondoka nilipita pale. Ubao umefutwa wote. Yule wa ndevu hayupo, yale magemu mengine ya majoka hayapo. Limebaki gemu moja, na kumi yake. Chaki ilikuwa pale pale dirishani. Sikuigusa.

Nikapanda basi la kwenda Mombo, siti ya mbele kabisa. Begi jepesi, suruali zote mbili zina nafasi. Ukungu, kona, mwamba, migomba kwa chini.

Katikati ya mlima dereva akapiga honi kwenye kona. Ikajibiwa kutoka chini. Akavuta basi pembeni mpaka majani yakagusa dirisha langu, akasimama. Abiria wanawahi magari ya Dar na Arusha, lakini hakuna aliyeguna hata mmoja. Tukasubiri. Fuso ikatokea, imejaza mifuko ya simenti, inapanda kwa mwendo wa mtu mzima, injini inalia. Ikapita. Honi mbili. Dereva wetu moja.

Sikurudi tena.

Nilichojifunza ni kwamba wale wachambuzi hawakosei, ila wanatuandikia sisi tunaoshuka. Aliyelipa lile gemu alama nne alikuwa ana haraka kama mimi. Siku hizi score nasoma, halafu namtafuta mtu aliyebeba mzigo nimuulize yeye kaonaje.

Karibuni mchangie, matusi pia napokea, kwa miaka arobaini hii nimeshayazoea. Ila wale mtakaokuja na "mkuu, si ni gemu tu", naomba kila mmoja aanze na kujibu swali la Mama Zaina: honi uliisikia au hukuisikia?