Salamu Nilizomtungia Mheshimiwa

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na nilitoa watoto nje ya darasa kwa kila kosa unalolijua: kelele, kutafuna miwa, kuleta kinyonga mfukoni. Sikumbuki kumtoa mtoto kwa sababu ameuliza swali. Labda ndiyo maana mwanafunzi wangu wa zamani aliponitoa mimi, sikujua kama nimetolewa. Nilidhani bando la intaneti limeisha.

Mwanafunzi huyo sasa ni MCA wetu, mwakilishi wa wadi, mtu wa gari refu na miwani ya jua hata ndani ya kanisa. Nilimfundisha darasa la nne, na habari hiyo niliitembeza kilima kizima. Nilikuwa nikimwona kwenye bango nasema, "Huyo? Hesabu nilimfundisha mimi." Watu walinijibu kwamba basi ningemfundisha vizuri zaidi, nami nikacheka nao. Lakini moyoni nilivimba. Nilijiona mtu ambaye mheshimiwa hawezi kumpita bila kusimama.

Sisi wanawake wa kilima hiki tuna mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu. Wiki hii tunachimba mitaro ya kuzuia maji shambani kwako, wiki ijayo kwangu, na mwenye shamba anapika. Mwaka ambao ndengu zilifanya vizuri tulinunua simu moja kubwa ya kikundi, kwa kuwa wengi wetu tuna zile za mulika mwizi, za kupiga na kupokea tu. Ilikaa kwangu, mwalimu. Ilipofika kujisajili mtandaoni tukafanya kosa la watu wanaoaminiana kupita kiasi: badala ya jina la kikundi tuliweka jina langu, na picha yangu ya siku ya kustaafu, nimeshika keki. Tangu hapo wanawake thelathini na mmoja wakawa wanaiangalia dunia kupitia uso wangu na keki yangu.

Kila Alhamisi tulipomaliza kuchimba, tulikaa ukingoni mwa mtaro nikawasomea ukurasa wa mheshimiwa kwa sauti. Si kwa mapenzi. Matangazo yote ya wadi yalikuwa huko: chanjo ya mbuzi, mbegu, mikutano. Ukimuuliza chifu, anakuambia, "Angalieni kwa page." Vijana wenye simu kubwa wako Nairobi na Mombasa, na waliobaki hapa simu zao zinajua mpira tu.

Aliyesikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa mama mzazi wa mheshimiwa. Ni mwenzetu katika mwethya, anakaa kilima hiki hiki katika nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe, yenye vigae vyekundu na mfereji usiotoa kitu. Mwanawe humtembelea Krismasi. Siku nyingine zote alimwona kupitia macho yangu.

"Leo amevaa nini?" ananiuliza.

"Suti ya bluu, mwaitu." Sote tunamwita hivyo, mama yetu.

"Amekonda?"

"Hajakonda hata kidogo."

Hapo anatulia, anamenya muwa wake.

Sasa, kisima. Kilichimbwa kwa mtambo juu ya kilima chetu, kikafunguliwa kwa utepe na maombi, na mfereji ukatoa maji mbele ya kamera. Maji hayo yalikuwa yameletwa na lori kwenye tangi, na jioni lori likaondoka na yaliyobaki. Kisima hakikuwa na pampu. Sisi tukaendelea kushuka mtoni na punda, kufukua mchanga na kungojea maji yajikusanye kwenye shimo, na mama wa mheshimiwa yumo katika foleni na mitungi yake miwili. Kisha tukasikia kwamba wadi itapata pampu moja ya sola, na kwamba wananchi wataitwa kikao watoe maoni kisima kipi kitangulie. Hatukutaka kitu kingine duniani. Tulitaka ile pampu.

Basi chini ya picha moja ya mheshimiwa niliandika: "Mheshimiwa, kile kikao cha pampu ni lini? Tusisahauliwe kama siku ya utepe. Mwalimu wako." Nikaweka na vile vijikono vya kuomba. Niliona nimeandika kwa adabu, ingawa nakiri ile siku ya utepe niliitia makusudi.

Kesho yake ukurasa ukapotea. Nilinunua bando, nikanunua jingine, nikapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Mwishowe, siku ya kwenda mjini Wote, niliingia agroveti kununua dawa ya kupe nikamwomba mama wa duka anitazamie simu. Alibonyeza hapa na pale, kisha akafungua simu yake mwenyewe. Huko mheshimiwa alikuwa mzima, anapanda mti.

"Mwalimu, simu yako iko sawa. Umeblokiwa."

"Na nani?"

"Si na yeye mwenyewe! Kwani ulimwandikia nini?"

Wateja wawili waligeuka kunitazama. Mmoja alikuwa mzazi wa mtoto niliyewahi kumfundisha. Nilisahau dawa ya kupe juu ya meza.

Nasikia wako wanasheria Nairobi wanaobishana kama kiongozi wa umma anaruhusiwa kumfungia raia ukurasa wake. Wabishane. Mimi siku ile sikuwaza haki za raia. Niliona aibu tupu, aibu ya mtu mzima aliyefungiwa mlango na mtoto ambaye zamani alikuwa akimfungia kamba za viatu. Na kwa ajili ya aibu hiyo nilifanya jambo baya kuliko alilofanya yeye.

Alhamisi ilipofika, wanawake walikaa ukingoni, mama wa mheshimiwa akauliza, "Leo amevaa nini?" Nami nikaitazama ile simu isiyo na kitu nikasema, "Koti la kijivu, mwaitu. Yuko kwenye zahanati, anasalimia wagonjwa."

Uongo wa kwanza ulinitoka kwa shida. Wa pili ulikuja wenyewe. Wiki iliyofuata nilimfanya mheshimiwa akemee wakandarasi wazembe. Wiki ya tatu nilimfanya amsalimie mama yake: "Namsalimia mama yangu kule kilimani, na akina mama wote wa mwethya. Sijawasahau. Pampu iko njiani." Wanawake walipiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, niliona nimeipa wadi kiongozi bora kuliko yule wa kura.

"Siku hizi ana adabu," mama yake akasema, akanitazama kidogo zaidi ya kawaida.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilipita mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Asubuhi moja lori lilitokea barabara ya Kibwezi likiwa na mabomba na vioo vya sola. Wanawake wakatoka mashambani wakipiga vigelegele. Mmoja alivua leso akatandika barabarani. Dereva alipiga honi, akaipita leso pembeni kwa heshima, akatupungia mkono, akaendelea. Tulisimama tukilitazama lori likipanda kilima cha pili, ambako anakaa shemeji ya mheshimiwa.

Mwenyekiti wetu hakungoja chai. Tulikwenda ofisi ya wadi pale sokoni, yeye, mimi na mama wa mheshimiwa, aliyesema atakwenda kumwona mwanawe kwa kuwa haijulikani yeye atakuja lini. Karani alitufungulia faili.

"Kikao kilifanyika, tarehe ni hii hapa. Kilima chenu hakikuleta mtu hata mmoja. Imeandikwa hapa: hawana pingamizi."

"Nani alituambia kuna kikao?" mwenyekiti akauliza.

"Mama, sheria inasema tangazo likae mahali pa wazi. Lilikaa kwa page ya mheshimiwa wiki mbili."

Nikaona bora nianze vita kabla sijakamatwa. "Kuna wananchi wamefungiwa hiyo page," nikasema.

"Hiyo page ni yake ya kibinafsi, mwalimu. Akiblok mtu ni kama amemtoa kwake nyumbani."

"Na tangazo la wadi linatafuta nini kwake nyumbani?"

Karani akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Nilijiona nimeshinda. Lakini mwenyekiti alikuwa amenigeukia mimi.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Si wewe hutusomea? Wiki ya hicho kikao ulitusomea ati anatusalimia."

Nilisema yote pale pale, nimesimama kama mtoto mbele ya ubao. Kwamba nilifungiwa. Kwamba niliona haya. Kwamba zahanati, wakandarasi na pampu iliyo njiani vilitoka kichwani mwangu. Mheshimiwa alifunga mlango, hilo ni lake, lakini aliyewaambia watu kwamba mlango uko wazi ni mimi. Kama ningesema Alhamisi ya kwanza, mtu angetumwa ofisini kuuliza, na tungefika kikaoni sote thelathini na mmoja na majembe yetu. Mwenyekiti hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mama wa mheshimiwa aliuliza jambo moja tu. "Na zile salamu zangu?"

"Nilizitunga, mwaitu."

Mheshimiwa mwenyewe akatokea chumba cha ndani. "Mwalimu wangu! Mama!" Akatukumbatia. Aliposikia nimefungiwa, alishangaa kuliko mtu yeyote pale. "Ni hawa vijana wa ofisi. Mimi hata password siijui." Akatoa simu mfukoni, na hiyo password asiyoijua ikafunguka kwa kidole gumba chake. Kufumba na kufumbua nikawa nimesamehewa. Akapiga picha nasi, akaiweka mtandaoni akiwa bado ametushika mabega, na maneno chini yake: anawasikiliza akina mama.

"Na pampu?" mama yake akauliza.

"Mama, hiyo wananchi walishapitisha."

"Wananchi gani?"

"Waliokuja."

Alhamisi iliyofuata zamu ya mwethya ilikuwa yangu. Desturi yetu ni kwamba anayekikosea kikundi hukosewa zamu: hakuna kesi, hakuna barua, watu hawaji tu, na mvua ikinyesha udongo wako unateremka kwa jirani. Nilichemsha muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ya watu thelathini na mmoja nikijua huenda nitaila peke yangu mpaka Jumapili. Nilikaa mlangoni na mwiko. Sijawahi kuogopa mkaguzi wa shule kama nilivyoiogopa njia ile tupu.

Walikuja. Walichelewa, walikuja, hawakuimba. Walichimba mtaro mrefu kimya kimya, wakatupa udongo upande wa juu kama inavyotakiwa, wakala, wakarudisha sahani. Nilidhani wataondoka. Mama wa mheshimiwa akakaa ukingoni, akanyoosha miguu.

"Soma," akasema.

Nikaifungua simu. Mheshimiwa alikuwa kwenye kilima cha pili, anafungua pampu. Nilisoma kila neno. Nilisoma majina ya waliohudhuria, nikasoma shukrani kwa wananchi waliojitokeza kutoa maoni, nikataja koti la krimu, nikasema kwamba maji yalikuwa yanatoka, na kwamba safari hii sikuona lori la tangi.

"Ametusalimia?" mama yake akauliza.

Wanawake wote walinitazama. Maneno ya kumpa yalikuwa yamejaa mdomoni, mazuri, yamepangika.

"Hapana, mwaitu. Hajatutaja."

Akatikisa kichwa polepole kwa kukubali, kama mtu anayeonyeshwa picha akamtambua aliyemo.

"Ndiyo," akasema. "Huyo sasa ni mwanangu."

Akainuka, akakung'uta kanga, akamwita punda wake, na wote wawili wakashika njia ya mtoni.