Leso ya Bi Mdogo

Juzi nilipita mtaa wa Bofu nikawakuta vijana wakitia injini na gia boksi ya lori katika kigari chao cha kupandia majabali. Harufu ya grisi ikanirudisha utotoni kwetu Mtongwe, alasiri moja ya wakati wa Mwingereza.

Nilikuwa nimekaa barazani na baba. Fundi Omari, aliyekuwa akilitengeneza gari la baba la kuchukulia mawe machimboni, alikuja akamwambia baba kwa sauti ya chini: "Bi Mkubwa amechoka, mlima hapandi tena. Bi Mdogo ameshafika, yuko uani kwangu. Ana nguvu huyo, wallahi!" Baba akacheka, akamfuata.

Nikajua baba ameoa. Nikakimbilia jikoni kumwambia mama. Aliacha samaki wakiungua, akavaa buibui, akanishika mkono tukaenda uani kwa fundi.

Tuliwakuta wamejaa grisi, injini kuukuu iko chini, minyororo ya kuinulia inalia.

"Bi Mdogo yuko wapi?" mama akauliza.

Baba akaonyesha pembeni, kwenye kitu kilichofunikwa leso kisiingie vumbi. Mama akaifunua, akaona injini nyingine na gia boksi yake. Alicheka mpaka akakaa juu ya gurudumu.

Leo najua mafundi huzipa injini majina ya watu. Lakini nakumbuka pia mama alivyoiinua ile leso, akainusa. Ilinukia asumini.

"Na hii ni ya nani?"

Baba alimtazama fundi. Fundi alitazama minyororo.