Kikwembe cha Njano

Wifi yangu, dada mukubwa wa bwana yangu, tunakaa naye parseli moja, nyumba kwa nyumba, na televizyo iko kwangu. Kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili, kama umeme uko, anavuka kiwanja na kiti chake cha plastiki, anakaa mbele yetu wote, ananiambia, "Maman, pandisha sauti." Ninamuchukia, lakini ninapandisha.

Tulikuwa tunaangalia Wachina. Filamu ya mapenzi ya zamani, ya wafalme, nywele hadi kiunoni wanaume kwa wanawake. Wamewekewa Kiswahili cha pwani, basi Mufalme wa China anasema "nakusihi, mpenzi" safi kabisa, na sisi wa Bukavu tunaulizana amesema nini. Ninawapenda wale watu, ila wananishangaza. Wanakunywa chai kutwa na hakuna anayekula. Mufalme ana vita mupakani, na bado anapata nafasi ya kupiga filimbi chini ya maua. Wifi alikuwa analia kwa ajili ya mapenzi. Mimi nilikuwa nangojea visasi. Kwa wale wake za Mufalme, mutu hatukani mutu. Anakutumia supu na tabasamu, kesho yake unazikwa.

Siku moja muke mukubwa wa Mufalme akamutumia musichana maskini, yule kipenzi chetu, nguo ya kuvaa kwenye karamu. Musichana akashukuru, akavaa. Anafika mulangoni: wanawake wote wako na buluu, yeye peke yake njano. Watu wote wakageuka. Na hapo hapo, pap, umeme ukaenda.

Parseli nzima ililia "Yoo!" Lakini ile nguo, mimi nilishaivaa.

Kwetu, siku ya mahari, wanawake wa familia wanavaa kikwembe kimoja, kitenge cha rangi moja. Asiye nacho si wa nyumba. Binti wa kwanza wa wifi alipoolewa, wifi ndiye alinunua vya wote, akaniletea changu kimekunjwa vizuri: njano, chenye ndege. "Maman, ndicho tulichagua." Nikakishonesha, mabega juu. Kufika kule, wote wako na buluu. Bwana wa protokole akaniangalia chini juu: "Mama, majirani ni kule nyuma." Nyuma, karibu na masufuria. Mimi, muke wa mujomba wa bibi-harusi! Nilikula sombe yangu na moshi machoni. Wifi akapita, akacheka na meno yote: "Aka! Kumbe nilichanganya." Hakuchanganya. Tangu nilipotoka Bunyakiri kuolewa hapa, kwake mimi ni mugeni tu.

Umeme uliporudi, filamu ilikuwa imeshasonga. Musichana alikuwa anakaa ndani ya jumba, na watumishi wake. Karamu iliishaje, hatukujua. Nilijiambia: walimuaibisha, halafu akapanda kwa akili yake. Somo nilikuwa nimeshalipata, na sikulipata kwa musichana. Nililipata kwa muke mukubwa.

Binti yangu akachumbiwa na kijana wa Mudaka. Sasa ilikuwa zamu yangu kuchagua. Wote niliwanunulia kijani. Kwa wifi nilizunguka soko la Kadutu mpaka miguu ikavimba, nikapata cha njano, tena chenye ndege. Nilimupelekea mwenyewe, kimekunjwa vizuri. "Wifi, ndicho tulichagua."

Shangazi, yaani wifi, ndiye anamushika bibi-harusi mukono na kumutoa ndani. Haki hiyo nisingeweza kumunyang'anya, lakini nilijua atatoka amevaa nini. Na mimi nilikuwa na haki yangu, niliyoingojea tangu binti yangu ananyonya: kikwembe cha mama. Wakwe wanakileta, wanamufunika mama mabegani mbele ya watu wote, kwa ajili ya maziwa yake. Siku hiyo hakuna wa kuniuliza mimi ni wa nani.

Sherehe ilikuwa Nyantende, kwa kaka mukubwa wa bwana yangu, na wengine wote walivalia kule kule. Wifi alichelewa, akaingia moja kwa moja chumba cha bibi-harusi. Alipotoka na binti yangu mukononi, akaona kijani chini ya shitingi nzima, lile turubai la kivuli, uso ukamushuka. Mutenda akitendewa huona ameonewa! Ee Mungu wangu, raha niliyosikia! Nilikuwa mustari wa mbele. Nikamupa meno yote.

Akanyoosha shingo, akatembea.

Wale wa Mudaka hawakujua sura zetu. Waliona wanawake wengi wa kijani, na mumoja wa njano anayeongoza bibi-harusi. Muzee wao akasimama na kikwembe cha mama. Nikaweka mukono kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikajitengeneza. Akanipita. Akaenda akamufunika wifi mabegani. "Aksanti, mama, kwa kutuzalia."

Vigelegele. Kikwembe cha mama kikishafunika mutu hakivuliwi mbele ya wakwe. Ni kuvunja ndoa kabla haijaanza. Ni wifi peke yake angeweza kusema, "Mama ni yule." Aliniangalia vizuri, bila haraka.

"Aksanti, batoto bangu," akasema. "Nilimulea na taabu."

Wifi bado ana binti mumoja nyumbani. Ninamuombea apate bwana wa kumuoa, kila Jumapili misani, kwa moyo wangu wote.

Juzi wameanza kurudisha ile filamu. Jana wifi akavuka kiwanja na kiti chake, amejifunika kikwembe changu mabegani, eti kuna baridi. Akakaa mbele. Karamu ikafika. Mulango, buluu, njano, watu wote wakageuka. Nikauomba umeme uende. Haukuenda. Mufalme akaweka kikombe chini, akasimama. "Yule aliyevaa njano," akasema, "ni nani?"

Wifi akageuka, akaniangalia.

"Maman," akasema, "pandisha sauti."

Nikapandisha.