Mzigo wa Kifungua Mimba

Miaka ya themanini niliajiriwa katika maabara moja huko pwani. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kubandika lebo. Mimi ni mtoto wa Mbumbuni, kule bara, na kabla ya hapo bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu.

Siku moja waliletwa pomboo wawili waliokutwa wamekufa ufuoni, mama na ndama wake. Ndama alikuwa bado ananyonya; walipompasua, maziwa mazito yalimwagika mezani. Mkubwa wangu alikata vipande vya mafuta chini ya ngozi za wote wawili, nami nikavitia kwenye chupa. Majibu yalipotoka niliona aibu, nikidhani nimebadilisha lebo. Ndama wa miezi michache alikuwa na dawa nyingi ya wadudu mwilini kuliko mama yake.

“Hukukosea,” mkubwa wangu aliniambia. “Dawa hii hujificha kwenye mafuta. Mama huikusanya maisha yake yote. Akizaa, mafuta yake yanaingia kwenye maziwa, na dawa inafuata humo humo. Mzaliwa wa kwanza ndiye hubeba mzigo. Wanaomfuata hukuta umepungua.”

“Na ilifikaje baharini?”

“Kwa mito. Mto Athi si unapita huko kwenu?”

Mwezi huo nilipata likizo, nikashuka treni Emali na kufika nyumbani mchana. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza miezi miwili nyuma, na alikuwa akikaa na mama yangu. Niliwakuta ghalani. Mama alikuwa akichanganya mahindi na ile dawa nyeupe ya unga ya kuua wadudu, mikono imezama hadi viwikoni, kama nilivyomwona akifanya tangu utoto wangu. Mke wangu alimshikia mdomo wa gunia, mtoto mgongoni. Nyusi za mtoto zilikuwa nyeupe.

Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Ghala lile halikuwa na fukusi, wala mjusi, wala hata chungu mmoja. Nilipokuwa mdogo nilijivunia ukimya ule, nikidhani ni usafi.

Niliwaomba watoke nje wakanawe. Tulipoketi nikawaeleza habari ya pomboo, yote. Mke wangu alimshusha mtoto, akamtazama, kisha akajitazama kifuani kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kitandani. Mtoto akalia kwa njaa. Hakuna aliyesogea.

Mama ndiye aliyeuliza. “Huyo mama wa samaki, alijua?”

“Hakujua, mwaitu.”

“Nilianza kutumia dawa hii mwaka nilioolewa,” alisema polepole. “Mabwana shamba walituletea pamoja na mbegu za pamba. Mtoto wangu wa kwanza ni wewe.”

Mtoto aliendelea kulia, na mwishowe mke wangu akamnyonyesha huku amefumba macho.

Kesho yake tulimpeleka mtoto hospitalini Kitui. Muuguzi alimpima akasema ni mzima, na kwamba tusithubutu kumwachisha, maana hakuna chakula cha kuyashinda maziwa ya mama. Dawa iliyobaki tuliizika mbali na kisima. Mahindi yaliyokuwa yamepakwa dawa, mama aliyatupa shimoni hilo hilo, akanunua mengine sokoni, akayahifadhi kwa majivu. Mwaka ule tulikula muthokoi wa mahindi yenye matundu ya fukusi.

Mtoto alikua, akasoma, leo ana watoto wake. Mimi pia sijaugua ugonjwa wowote wa kutisha. Lakini tangu mchana ule, kila nilipokwenda nyumbani, mama aliniita mlangoni penye mwanga kabla hata ya chai. Aliniinua kidevu, akanitazama weupe wa macho, akaniambia nitoe ulimi, akazigeuza kucha zangu moja moja. Ndugu zangu walionifuata hakuwahi kuwafanyia hivyo. Nilimuuliza mara moja anatafuta nini.

“Geuka,” alisema, “nione upande wa pili.”